Kumuuguza mgonjwa wa sonona: mwongozo kwa ndugu na kwa muuguzi, kuanzia siku ya kwanza hadi dawa inapoachwa

Hapa Dar es Salaam ni wachache wanaofika kliniki wakisema "nina sonona". Wanasema kichwa kinawaka moto, kifua kinabana, mwili hauna nguvu, nimepimwa malaria mara tatu haionekani. Dada mwenye kibanda cha chipsi anakuja na karatasi za vipimo vya malaria na taifodi, dozi zote mbili amekwisha kumaliza, na bado asubuhi anashindwa kunyanyuka kitandani. Ukimuuliza ana nini anajibu, "Mawazo tu, nesi." Hilo "tu" ndilo linalotuchelewesha.

Mimi ni muuguzi, na sehemu kubwa ya kazi yangu imekuwa kwenye wodi na kliniki za afya ya akili. Haya ninayoandika ndiyo ninayowaeleza ndugu wanapokuja kumchukua mgonjwa wao, isipokuwa hapa nina nafasi ya kumaliza sentensi. Daktari ataonana naye robo saa kwa mwezi. Saa zote zilizobaki ni zenu.

Hakikisha ni sonona

Aliyefiwa analia, kisha anacheka akikumbuka vituko vya marehemu, kisha analia tena. Huzuni yake inakuja na kuondoka. Sonona haiondoki. Ili iitwe sonona, mtu awe na huzuni nzito au awe amepoteza hamu ya mambo aliyokuwa akiyapenda, karibu kila siku, kwa wiki 2 au zaidi, pamoja na dalili nyingine kiasi cha kuharibu kazi na maisha yake ya kila siku: usingizi kupotea au kuzidi, chakula kutopita au kula kupita kiasi, uchovu, kujiona hafai au ana hatia, akili kushindwa kutulia, kuwa mzito wa kusema na kutembea au kuhangaika bila kutulia, na mawazo ya kifo.

Kliniki nyingi hutumia dodoso la maswali 9 liitwalo PHQ-9, ambalo lina tafsiri ya Kiswahili. Kila swali lina alama 0 hadi 3, jumla 27. Kuanzia 10 kwenda juu mtaalamu anachunguza zaidi. Kuanzia 20 hali ni kali. Ila hata jumla ikiwa 6, swali la 9, lile la kutamani kufa au kujidhuru, likijibiwa "ndiyo" kwa kiwango chochote, mazungumzo hayaishii hapo.

Msianze kwa kutafuta chanzo kama mnamtafuta mwizi. Wapo walioanza kuumwa baada ya mikopo ya kausha damu, baada ya kufiwa, baada ya kujifungua, na wapo ambao hawana sababu yoyote unayoweza kuionyesha kwa kidole. Hawa wa mwisho ndio wanaoteseka zaidi na maneno ya watu, kwa sababu kila mtu anawauliza "kwani umekosa nini?"

Kwenda hospitali

Anzieni zahanati au kituo cha afya cha karibu, kisha mpewe rufaa. Hospitali za rufaa za mkoa hapa jijini, yaani Amana, Mwananyamala na Temeke, zinatoa huduma za afya ya akili, na juu yake kuna Idara ya magonjwa ya akili Muhimbili. Hakuna haja ya kusubiri afike hatua ya kusafirishwa Mirembe, Dodoma, kama wengi wanavyodhani kila wakisikia neno "akili".

Nendeni mkiwa mmejiandaa. Andikeni kwenye daftari dalili zilianza lini, anatumia dawa gani, anakunywa pombe kiasi gani, na kama kuna ndugu aliyewahi kuumwa hivyo. Tegemeeni vipimo vya mwili: wingi wa damu, sukari, VVU, pengine tezi ya shingo, na ujauzito kwa mwanamke. Upungufu wa damu na tezi isiyofanya kazi vizuri huweza kumlegeza mtu ukadhani ni sonona.

Kuna jambo moja mlitaje hata kama hamkuulizwa. Je, kuna kipindi alikaa siku kadhaa halali na hachoki, anaongea mfululizo, anatapanya fedha, anajiona anaweza kila kitu? Kama ndiyo, huenda ni baipola, ugonjwa wa hisia kupanda mno na kushuka mno, na dawa ya sonona ikitolewa peke yake inaweza kumrusha upande wa pili.

Halafu mwacheni aongee na mtaalamu peke yake japo dakika kumi. Najua mnampenda. Lakini mama mkwe akiwa amekaa pembeni, hakuna mkamwana atakayesema ukweli.

Swali gumu

Muulize kuhusu kujiua. Kumuuliza hakumpandikizii wazo. Kama wazo lipo, lipo tayari, na mara nyingi anayeulizwa anashusha pumzi kama aliyetuliwa mzigo.

Usimuulize mbele ya watu, wala ukiwa mlangoni na funguo mkononi. Kaa, simu iweke mbali. Anza pole pole: "Kuna wakati unaona bora usingekuwepo?" Akikubali, endelea bila kubadilisha sauti: "Umefikiria kujiua?" Kisha kama amefikiria namna gani, kama hicho alichokifikiria kipo nyumbani, kama amepanga lini, na kama amewahi kujaribu. La mwisho ni hili: "Nini kimekuzuia mpaka leo?" Jibu lake ni la kulishika. Mmoja atasema mtoto, mwingine dini, mwingine atasema "nani atamlisha mbwa". Usicheke. Huyo mbwa ndiye anayemshikilia duniani.

Epuka "Lakini wewe huna mawazo ya kijinga, sivyo?" Hilo ni ombi la kudanganywa.

Akiwa na mpango na njia, asiachwe peke yake hata kwenda chooni, na mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Iwe usiku, iwe sikukuu. Hivyo hivyo kama anasikia sauti zinazomwamuru, amegoma kula na kunywa kabisa, au ni mama aliyejifungua karibuni na ameanza kuchanganyikiwa au kusema mambo ya ajabu kuhusu mtoto. Kwa mtoto anayehitaji msaada, namba 116 ni ya bure.

Nyumbani, toeni vya hatari: dawa za kila aina, ikiwemo za bibi za presha, sumu za panya na za wadudu. Hili familia nyingi huliona kama kumdhalilisha mgonjwa. Fikirieni hivi: wimbi la kutaka kufa mara nyingi huwa kali kwa muda mfupi, na likimkuta hana kitu karibu, kuna nafasi kubwa ya kupita.

Sasa kuhusu sheria. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinafanya kujaribu kujiua kuwa kosa, na hofu ya polisi ndiyo inayowafanya ndugu waseme mapokezi, "alikosea dawa". Mkifanya hivyo, daktari anatibu kitu asichokijua. Mwambieni amemeza nini, kiasi gani, saa ngapi, na pakiti mje nayo. Maoni yangu, mgonjwa anahitaji kitanda, si mahabusu, na sijawahi kumwona mtu aliyezuiwa na kifungu hicho. Nimewaona walioogopa kuomba msaada kwa sababu yake.

Dawa

Sonona nyepesi inaweza kutibika kwa unasihi, yaani mazungumzo ya ushauri, na mabadiliko ya ratiba bila kidonge. Ya kati na kali mara nyingi huhitaji vyote viwili. Dawa mbili mtakazokutana nazo sana ni amitriptilini na fluoksetini.

Amitriptilini hunywewa usiku kwa sababu inaleta usingizi. Daktari anaanza na dozi ndogo na kuipandisha taratibu. Inakausha mdomo, inafunga choo, inatia ukungu machoni, na inashusha presha mtu anaposimama ghafla. Kwa hiyo asubuhi akae kwanza ukingoni mwa kitanda, ahesabu hadi 30, ndipo asimame. Papai, mboga za majani na maji mengi vitasaidia choo. Dawa hii pia inapunguza jasho, na kwa joto la Dar la Januari na Februari, mtu aliyefungiwa chumba cha bati bila feni anaweza kuzidiwa. Mwenye ugonjwa wa moyo, presha ya macho au tezi dume amwambie daktari mapema.

Na ni dawa ya hatari ikimezwa nyingi kwa pamoja, kwa sababu inavuruga mapigo ya moyo. Mgonjwa mwenye mawazo ya kujiua apewe za wiki moja moja, na zikae kwa ndugu.

Fluoksetini kwa kawaida huanza na miligramu 20 asubuhi, baada ya chakula kama tumbo linasumbua. Inaweza kuleta kichefuchefu, kichwa kuuma, kukosa usingizi na kupunguza hamu ya tendo la ndoa. Hili la mwisho wanaume hawalisemi, wanaacha dawa kimya kimya, kwa hiyo muuguzi aulize yeye. Wiki za mwanzo inaweza kumfanya mtu ahangaike, na kwa vijana walio chini ya miaka 25 mawazo ya kujidhuru yanaweza kuongezeka, hivyo macho yawe kwake zaidi. Asichanganye na tramadoli, dawa ya maumivu, bila daktari kujua.

Diazepamu ya kununua duka la dawa "ili alale tu" haitibu sonona, na ikizoeleka ni kazi kuiacha.

Jambo la kumwambia mgonjwa kabla hajameza kidonge cha kwanza ni kwamba maudhi ya dawa yanakuja kwanza na nafuu inakuja baadaye. Nafuu huanza kuonekana wiki ya 2 hadi ya 4, wakati mwingine zaidi. Asiyeambiwa hivi anaacha siku ya tano akisema "zimenizidishia".

Namna ya kumpa: usimwachie kidonge juu ya stuli. Mpe mkononi na glasi ya maji, kaa, ongea naye dakika moja au mbili za mambo mengine kabisa. Akiwa anaongea utajua kama kidonge kimepita au kiko chini ya ulimi, na hujamkagua kama mwizi.

Siku yenyewe

Asubuhi ndiyo mbaya zaidi kwa wengi. Msimpangie mambo makubwa saa hizo, lakini msimwache alale hadi adhuhuri pia. Fungua dirisha, jua liingie.

Chakula. Usimuulize "utakula nini?" Kwa mgonjwa wa sonona swali hilo ni kama kumwambia abebe gunia la mchele ghorofa ya nne. Mwambie, "Nimekuletea uji." Utie kwenye kikombe, nusu, wala si bakuli lililojaa hadi ukingoni, chombo kikijaa anakiangalia na kushindwa kabla hajaanza. Kaa naye, na wewe kunywa chako. Akimaliza nusu hiyo, usishangilie kama kafunga goli. Chukua kikombe, sema "haya", rudi baada ya saa mbili na ndizi moja. Mpime uzito kila wiki kwenye mizani ile ile.

Kuoga ni vivyo hivyo. "Nenda kaoge" haifanyi kazi. Peleka ndoo bafuni uani, weka taulo na nguo kitandani, kisha "maji tayari, twende." Tembea naye hadi mlangoni. Kwa mgonjwa ambaye hajaoga siku sita, uso na miguu ni mwanzo mzuri.

Kisha shughuli. Watu wanasubiri hamu irudi ndipo mgonjwa aanze kufanya mambo. Kwenye sonona ni kinyume: kitendo kinatangulia, hamu inafuata kwa mbali ikichechemea. Mpangie kitu kidogo kiasi kwamba hawezi kukishindwa. Siku mbili za kwanza kukaa barazani dakika kumi. Halafu kuchambua mchele pamoja na wewe. Halafu kwenda genge kununua nyanya za mia tano na kurudi. Baada ya wiki kadhaa, kutembea nusu saa jioni jua linapopoa. Andikeni kwenye daftari alichofanya na jinsi alivyojisikia kabla na baada, kwa alama ya 0 hadi 10. Mgonjwa atakuambia "hakuna kinachobadilika", na daftari litambishia kwa mwandiko wake mwenyewe.

Usiku: alale na aamke saa zile zile, kahawa na chai ya rangi ziishie alasiri, simu ilale chumba kingine. Pombe hapana. Inaonekana kama inamlaza, kumbe inamrudisha nyuma na inagombana na dawa.

Maneno, na kunyamaza

"Jikaze." "Wenzako wana shida kuliko wewe." "Mwanaume mzima!" "Umepungukiwa imani." Hayo yote ameshajiambia mwenyewe kabla yenu, saa nane za usiku.

Tuliwahi kuwa na mzee mmoja wodini, mstaafu wa kazi za bandarini, aliyegeukia ukutani na hakusema na mtu. Nilimwamkia, "Shikamoo mzee. Nitakaa hapa robo saa, si lazima tuongee." Robo saa ilipoisha nikamuaga, nikaondoka. Kesho yake saa ile ile, hivyo hivyo. Kesho kutwa, hivyo hivyo. Siku ya nne, bila kugeuka, akasema, "Hiyo feni inapiga kelele." Sikumuuliza anajisikiaje. Nilimwambia kweli inapiga kelele, tukaongea habari za feni, za beringi, za winchi za zamani bandarini. Kabla sijaondoka akaniuliza kesho nitaingia saa ngapi.

Wauguzi wenzangu, ukisema robo saa iwe robo saa, na ukisema utarudi, rudi. Mgonjwa huyu anakusanya ushahidi kwamba hana thamani, usimwongezee.

Akianza kuongea, msikilize kuliko kumshauri. Njia moja nzuri ya unasihi haihitaji hata daktari: mwacheni ataje matatizo yote, achague moja tu, atafute hatua moja anayoiweza wiki hii. Jijini Harare, Zimbabwe, Dixon Chibanda, daktari wa magonjwa ya akili, alianzisha mwaka 2006 mpango wa mabibi waliofundishwa kufanya hivyo wakiwa wamekaa kwenye benchi nje ya kliniki, na utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha kuwa dalili zilipungua. Ugonjwa wenyewe kwa Kishona, lugha ya huko, unaitwa kufungisisa, kufikiri kupita kiasi. Ni yale yale ya "mawazo tu". Mwenye mikopo mitano haambiwi aimalize. Anaandika anadaiwa na nani, kiasi gani, na wiki hii anaongozana na mtu kwenda kuomba muda kwa mmoja.

Akianza kuchangamka

Hapa ndipo nilipokosea, na ndiyo sababu kubwa ya kuandika haya. Nikiwa mgeni kazini nilimkabidhi mgonjwa kwa zamu ya usiku kwa maneno matatu: "Ametulia, anakula." Mchana ule alikuwa amempa jirani yake wa kitanda redio yake. Nililiona, nikaona ni ukarimu. Usiku alijaribu kujiua. Waliokuwa zamu walimuwahi, yuko hai, lakini ile redio bado naiona.

Nguvu za mwili huweza kurudi kabla ya matumaini. Mtu ambaye wiki mbili zilizopita hakuwa na nguvu ya kunyanyuka, sasa anayo, na wazo la kufa bado halijaondoka. Mkiona utulivu wa ghafla usio na maelezo, anagawa vitu vyake, analipa madeni madogo madogo, anaaga watu au anaomba radhi za mambo ya zamani, rudieni lile swali gumu siku hiyo hiyo. Wiki za mwanzo baada ya kuruhusiwa kutoka wodini zinahitaji macho zaidi kuliko zile alizokuwa amelazwa.

Mganga, shehe, mchungaji

Sishindani nao, kwa sababu nikishindana familia itaenda na haitaniambia. Dua haigombani na kidonge, maombi vivyo hivyo. Ninachokataa ni mgonjwa kufungwa kamba, kunyimwa chakula, kupigwa, kunyweshwa mizizi isiyojulikana juu ya dawa, au kuambiwa aache dozi ili aonyeshe imani. Ramadhani ikikaribia, nendeni kliniki mapema kupanga saa za dawa. Ya usiku inaingia vizuri baada ya futari. Kama hali bado mbaya, mwulizeni daktari, kisha shehe, kuhusu ruhusa ya mgonjwa kutofunga.

Na anayeuguza naye apumzike. Wekeni zamu. Binti mmoja asiachiwe kila kitu kwa sababu tu hajaolewa.

Kuacha dawa na kujikinga

Akipona, dawa haziachwi hapo hapo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 ulitaka ziendelee miezi 9 hadi 12 baada ya dalili kuisha, kisha daktari azipunguze taratibu kwa wiki kadhaa. Akiziacha ghafla anaweza kupata kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi wa ovyo, na akadhani amekuwa mtumwa wa dawa. Kumbe mwili umenyang'anywa kitu kwa pupa.

Kabla ya siku ya mwisho ya dawa, kaeni naye aandike mwenyewe dalili zake za mwanzo kabisa, zile zilizotangulia kabla hajaanguka. Zisiwe za kitabuni, ziwe zake. Mmoja huacha kujibu meseji za kikundi cha vikoba. Mwingine anaanza kuvaa nguo ile ile. Chini yake aandike nani aambiwe na kliniki gani waende. Bandikeni karatasi ndani ya mlango wa kabati, zinapokaa kadi za kliniki.

Yule mzee wa feni aliandika mstari mmoja tu: "Nikiacha kufuatilia taarifa ya habari ya saa mbili usiku." Binti yake sasa hampigii simu kumuuliza kama yuko sawa. Anampigia saa mbili na nusu, anamuuliza, "Baba, wamesema nini leo?"